Gitaa linavuma na halisikiki ukumbini: je, nibadili pikapu?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga solo, naishi Makorora hapa Tanga. Bendi yetu inapiga dansi na taarabu kwenye harusi, zaidi Ngamiani, na mara mojamoja tunachukuliwa Muheza na Pangani. Gitaa langu ni nakala ya Stratocaster, nililinunua kwa mtu. Ukumbini linavuma sana. Nikipunguza volyumu, sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Kinanda kikiingia, mimi sisikiki kabisa. Mara nyingi napitia moja kwa moja kwenye mikisa ya ukumbi. Halafu ikifika nyimbo ya tatu nyuzi zimeshalegea. Nimeweka akiba laki tatu na nusu. Mwenzangu mmoja anasema ninunue pikapu za hambaka, mwingine anasema pedali. Nianze na kipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usinunue pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, na pedali, kile kiboksi cha kukanyaga cha kubadili sauti, nayo iache kwanza. Umetaja matatizo manne, na kwa jinsi ulivyoyaeleza hakuna hata moja ninaloweza kuibebesha pikapu kabla ya kukagua mambo mengine. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima, nami nakubaliana nao kwa sharti moja: jembe lenyewe liwe limekazwa mpini. Lako, nikisikiliza maelezo yako, mpini unacheza. Ukitia pikapu mpya kwenye gitaa lenye waya wa ardhi ulioliwa na kutu, utabaki na mvumo uleule na akiba yako itakuwa imekwisha.

Tuanze na mvumo, maana ndio wenye mambo mengi, na ndani yake limo jambo linaloweza kuondoa roho ya mtu.

Stratocaster ilipotolewa na Fender mwaka 1954 ilikuwa na pikapu tatu za koili moja moja: sumaku, na waya mwembamba uliozungushwa juu yake maelfu ya mara. Koili hiyo haichagui cha kupokea. Inanasa mtikisiko wa uzi, na inanasa pia usumaku unaotoka kwenye transfoma, mota ya feni na nyaya za umeme wa nyumba, ambao hapa kwetu unageuka mara 50 kila sekunde. Ndiyo sababu Seth Lover wa kampuni ya Gibson alibuni hambaka mwaka 1955: koili mbili zilizopangwa kinyume, mvumo wa moja ukafuta wa nyenziwe. Kwa hiyo aliyekushauri hambaka hakukosea kuhusu mvumo. Ila hambaka inabadili na sauti pia. Mlio unakuwa mnene, na ule ukali wa juu unaofanya kila nota isimame peke yake unapungua.

Na wewe ni mpiga solo wa Tanga. Sikiliza rekodi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, au Black Star Musical Club waliotia gitaa la umeme na besi ndani ya taarabu. Magitaa yale yanasikika yametengana kama nyuzi za mkeka: solo hapa, rizimu pale, besi chini yao, na kila moja unaweza kuifuata kwa kidole. Sauti ile ni safi, haina mikwaruzo wala unene wa ziada. Koili moja ndiyo mama yake. Ningesikitika kuona unaitupa kwa sababu ya waya wa shilingi mia tano.

Kabla ya kufungua skurubu yoyote, jifunze kusikia mvumo wako ni wa aina gani. Upo ule mzito wa chini, unaonguruma kama lori lililosimama. Huo unaingia kwa njia ya usumaku. Washa gitaa, usiguse nyuzi, kisha jigeuze polepole ulipo kama mtu anayetafuta kibla. Kuna pembe ambapo mvumo utapungua karibu kuisha, na ukizidi kugeuka utarudi. Ukiipata pembe hiyo, ujue chanzo ni transfoma au mota iliyo karibu, na dawa yake ni kusogea: mita mbili kutoka kwenye amplifaya, mbali na feni la ukutani. Jaribu pia swichi ya pikapu kwenye nafasi ya pili na ya nne. Nakala nyingi zina pikapu ya kati iliyozungushwa kinyume makusudi, na kwenye nafasi hizo mbili pikapu mbili zinafanya kazi ya hambaka. Mvumo ukipungua ghafla hapo, basi hambaka tayari unayo bila kulipa. Sauti za nafasi hizo ni tamu sana kwa taarabu.

Aina ya pili ni mlio wa nyuki, mwembamba na wa kukera, unaochomoza taa za ukumbi zikiwashwa au mtu akichaji simu karibu nawe. Huo haujali umegeukia wapi. Unaingia hewani kupitia waya za ndani ya gitaa na kupitia mwili wako mwenyewe. Hapa mkono wako ni kipimo kizuri kuliko vyote. Gusa nyuzi. Mlio ukipungua, waya wa ardhi unafika kwenye nyuzi na kilichobaki ni kulikinga gitaa kwa ndani. Usipopungua, gusa chuma cha jeki iliyochomekwa kwenye gitaa. Ukipungua hapo na kwenye nyuzi hapana, waya unaotoka daraja la nyuzi, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, kwenda kwenye volyumu umekatika. Ukigusa nyuzi mlio ukazidi, kuna mtu aliyelehemu waya mbili za tundu la jeki kinyume, kosa ninalokutana nalo mara nyingi kwenye magitaa yaliyokwisha pita mikono kadhaa. Na ukigusa ukasikia vidole vinachonyota, weka gitaa chini. Hilo nitalirudia.

Dhana yangu ya kwanza juu ya gitaa lako ni huo waya wa daraja. Lifungue nyuma, pale kwenye bamba refu la plastiki. Utaona springi tatu au tano zimeshikwa na kipande cha chuma chenye makucha, na waya mmoja umelehemiwa juu yake. Sisi tunaishi na bahari. Hewa ya chumvi inaingia humo, jasho linashuka kwenye daraja, na baada ya miaka michache kile kiungo kinaota unga wa kijani au kinaachia kimyakimya. Kwa macho waya unaonekana umeshika. Chukua mita ya fundi redio, iweke kwenye omu, ncha moja kwenye nyuzi na nyingine kwenye chuma cha nje cha tundu la jeki. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma makumi ya omu, au namba zikawa zinarukaruka ukitikisa waya, umempata mwizi.

Kulehemu pale kunahitaji subira. Kile chuma ni kinene, kinakunywa joto lote, na chuma cha kulehemu kidogo cha kutengenezea simu hakitoshi. Kwangua mahali papya kwa msasa mpaka chuma king'ae, tumia chenye wati 60 hivi, pasha chuma chenyewe kwanza ndipo uguse risasi. Kiungo kizuri kinang'aa na kinatambaa. Kibaya kinakuwa tonge la kijivu lililokaa juu kama kitumbua. Usipokuwa na chombo hicho, funga waya kwa pete ya shaba chini ya skurubu moja ya yale makucha. Hiyo nayo inashika vizuri.

Kulikinga gitaa ndiko kunafuata. Unaondoa bamba la mbele lililobeba pikapu, unapanga utepe wa shaba ndani ya shimo lote na nyuma ya bamba, kisha unahakikisha utepe huo umeungwa na waya wa ardhi. Gundi ya tepe nyingi za bei nafuu haipitishi umeme, kwa hiyo kila zinapopishana weka tone la risasi, na upime kwa mita kutoka kona moja hadi nyingine. Karatasi ya aluminiamu ya jikoni nayo inakinga, ila haikubali risasi, itabidi uibane kwa skurubu. Angalia tu ncha ya kati ya jeki isiguse utepe, maana ikigusa gitaa linakuwa bubu. Kazi hii inachukua mchana mmoja. Haitaondoa ule mvumo mzito wa usumaku, itaondoa nyuki.

Sasa hilo la kuchonyota. Kwenye ukumbi mmoja, miaka mingi nyuma, niliinamia maikrofoni kuitikia kiitikio na midomo yangu ikapigwa kama na sindano. Vidole vilikuwa kwenye nyuzi. Amplifaya yangu ilichomekwa kwenye ekstensheni iliyokatwa pini ya ardhi, na mikisa ilichomekwa upande wa pili wa ukumbi. Kati ya vyombo viwili palikuwa na tofauti ya umeme, na daraja lililounganisha pande mbili lilikuwa mwili wangu. Nilipona. Les Harvey, Mskoti aliyepigia gitaa bendi ya Stone the Crows, hakupona: alikufa jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972, alipogusa maikrofoni huku vyombo havijafungwa ardhi sawasawa. Gitaa la umeme peke yake halina nguvu ya kumdhuru mtu. Linachofanya ni kukufunga wewe kwenye ardhi kwa nyuzi sita, ili kitu kibovu kingine kikikugusa, umeme upite kwako.

Kwa hiyo, mwanangu, usikubali kamwe mtu akukatie pini ya ardhi eti mvumo uishe. Ni kweli mara nyingine mvumo unaisha, kwa sababu vyombo viwili vilivyochomekwa mahali tofauti vinatengeneza mzunguko wa waya wa ardhi, na mzunguko huo unavuma. Tiba yake ni kuchomeka vyombo vyote vya jukwaani kwenye chanzo kimoja cha umeme, ekstensheni nzima yenye pini tatu zote zinazofanya kazi, na kutumia kile kiboksi cha DI, kinachokaa kati ya gitaa na mikisa, chenye swichi ya kutenganisha ardhi upande wa sauti. Upande wa sauti tenganisha utakavyo. Upande wa umeme usiguse. Kabla ya kuanza kupiga, weka mita kwenye volti za umeme wa nyumba, ncha moja kwenye nyuzi zako, nyingine kwenye wavu wa maikrofoni. Ikisoma volti za maana, usipige mpaka aje fundi umeme. Kwenye harusi za jenereta fanya hivyo mara mbili, kabla ya shughuli na baada ya kubadilisha umeme, na ekstensheni ndefu ikunjue yote, kwa sababu ikibaki imeviringwa huku imebeba mzigo inapata moto hadi plastiki iyeyuke. Bendi ikipata pesa ya pamoja, nunueni kikatio cha umeme unaovuja, kile cha miliamperi 30. Ningekiweka mbele ya spika mpya.

Tuje kwenye blanketi, na hapa nina habari ya kufurahisha. Ukipunguza volyumu ya gitaa, upinzani wa umeme unaongezeka kati ya pikapu na waya wako. Waya nao una tabia ya kapasita: kila mita inabeba takribani pikofaradi 100, nyingine zaidi. Upinzani na kapasita vikikutana vinameza sauti za juu kwanza. Ndiyo maana ukipiga kwa volyumu kumi sauti inang'aa, ukishuka hadi saba kumpisha mwimbaji inazama. Na mpiga solo wa taarabu anashinda humo kwenye saba, maana mwimbaji ndiye mwenye shughuli.

Nenda kwa mafundi redio, omba kapasita moja ya pikofaradi 1,000 na rezista moja ya kilo-omu 150. Zilehemu sambamba, kisha ziunge kati ya mguu wa volyumu unaopokea kutoka kwenye swichi na mguu wa kati unaokwenda kwenye jeki. Sauti za juu zitapata kichochoro cha kupitia. Ukiona imekuwa kali mno ukiwa chini, badilisha kapasita iwe ya 680. Ni kazi ya robo saa, na kwa mtu anayepiga harusi sijui marekebisho mengine yenye faida kama haya kwa gharama ndogo hivyo. Ukiwa umefungua humo, soma na volyumu yenyewe: kwa pikapu za koili moja kawaida ni kilo-omu 250. Ikikwaruza ukiizungusha, puliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme, ile inayokauka. Mafuta ya cherehani yanakusanya vumbi.

Waya mrefu nao ni adui. Nimeona vijana wanakokota mita 15 ili wafike mbele kucheza na bibi harusi. Kwa hesabu ile, sauti inapita kwenye pikofaradi 1,500 kabla haijafika popote. Tumia waya wa mita tano au sita, ubaki karibu na amplifaya. Uwe waya wa gitaa kweli, wenye wavu wa shaba unaozunguka waya wa ndani. Waya wa spika hauna kinga na utakuletea redio nzima ya mji.

Na hapo kwenye mikisa ndipo nadhani nusu ya sauti yako inapopotelea. Pikapu ya gitaa ni kitu dhaifu, inataka mlango wenye upinzani mkubwa, kama megaomu moja. Mlango wa kawaida wa mikisa una kilo-omu chache tu, kumi au ishirini. Ni kama kuvuta maji ya kisima kwa ndoo iliyotoboka. Sauti inafika imechoka, haina makali, na fundi mitambo anakuongezea besi akidhani anakusaidia. Hapa ndipo ningetumia sehemu kubwa ya akiba yako: kiboksi cha DI, cha aina inayotumia betri au umeme wa mikisa, ambacho kina mlango mkubwa wa gitaa. Pedali nyingi za kampuni ya Boss, hata zikiwa zimezimwa, zinafanya sehemu ya kazi hiyo, kwa sababu ndani yake sauti inapitia kwenye kikuza kidogo kabla ya kutoka. Kwa maana hiyo aliyekwambia pedali alikuwa karibu na ukweli.

Ukipata amplifaya ya gitaa, weka maikrofoni mbele ya spika yake badala ya kuunga waya. Spika ya gitaa haitoi sana sauti za juu kabisa, zile za kilohezi tano kwenda juu, na kukosa huko ndiko kunakofanya gitaa lisikike kama gitaa. Inua amplifaya juu ya kiti, uilaze kidogo ikutazame usoni. Spika hizi zinarusha sauti mbele kama tochi. Ikiwa chini inamulika magoti yako, wewe unaongeza sauti, na wageni wa meza ya mbele wanaziba masikio. Usihangaike na wati nyingi: ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio linaitambua bila kushtuka. Kiti kinafanya kazi kubwa zaidi.

Kuhusu kinanda, tiba ni mazungumzo. Mpiga kinanda akipiga peke yake nyumbani anazoea kujaza kila kitu, mkono wa kushoto besi, wa kulia melodia. Akiingia kwenye bendi yenye besi na magitaa, mkono ule wa kushoto unakaa juu ya besi, na vile vibonzo virefu vya sauti ya fidla vinakaa palepale gitaa lako linapoishi. Kaeni kwenye mazoezi, mpige nyimbo moja mara mbili, mara ya pili yeye aache mkono wa kushoto na apige pale tu usipopiga. Mtasikia wote. Upande wako, punguza besi kwenye amplifaya au mikisa, hata kama ukiwa peke yako sauti inakuwa nyembamba. Sauti inayopendeza chumbani hufa ukumbini. Iliyo nyembamba chumbani ndiyo inayopenya. Sogeza sauti za kati juu kidogo. Halafu rekebisha kimo cha pikapu, jambo la bure: bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima nafasi kati ya uzi na pikapu. Milimita mbili na nusu upande wa nyuzi nene na mbili upande wa nyembamba ni mwanzo mzuri. Wengi wanazipandisha mpaka karibu ziguse wakidhani wataongeza nguvu, na sumaku inauvuta uzi, nota zinatetema kama zimepotea njia.

Hilo linanifikisha kwenye kulegea kwa nyuzi. Gitaa lako lina daraja linaloelea juu ya springi, na ule mkono wa kutikisa. Swali langu kwako: unautumia? Kwenye dansi letu sijaona anayeuhitaji. Na daraja linaloelea lina ubaya mkubwa kwa mtu wa harusi: uzi mmoja ukikatika, springi zinashinda, daraja linarudi nyuma, na nyuzi tano zilizobaki zote zinapanda juu. Nilipatwa na hilo Pangani usiku mmoja, katikati ya chombeza ya bwana harusi, na tangu siku hiyo kila gitaa langu lina kipande cha mti mgumu, mninga au mvule, nilichokichonga na kukikaza nyuma, kati ya daraja na ukuta wa shimo la springi, nikakaza na zile skurubu mbili za makucha. Daraja halisogei tena. Uzi ukikatika, nyuzi tano zinabaki mahali pake na nyimbo inafika mwisho.

Bado kuna kile kipande chenye mifereji sita kule kichwani, uzi unapopita kabla ya kufika kwenye vikazio. Ukiikaza nyuzi ukasikia mlio mdogo wa “tik”, uzi umenasa mle. Chora ndani ya kila mfereji kwa penseli laini; unga wa risasi ya penseli ni mafuta makavu mazuri. Ukifunga nyuzi mpya, uzungushe uzi mara mbili au tatu kwenye kikazio bila kupandana, kisha uuvute kwa mkono kutoka katikati, uukaze tena, uvute tena, mpaka uache kushuka. Nyuzi za 10 hadi 46, yaani namba za unene zilizo kwenye pakiti, zitakufaa kuliko za 9, zinashika vizuri zaidi na zinatoa mwili. Zifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo, juu na chini, kwa sababu chumvi ya mkono na ya bahari zikikutana, wiki mbili tu uzi unakuwa mweusi.

Shingo nayo inasogea. Masika mbao zinakunywa unyevu, kiangazi zinaurudisha. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, utazame katikati: nafasi ndogo kama unene wa kadi ya mwaliko inatosha, robo ya milimita. Ikizidi sana au isipokuwepo kabisa, geuza chuma cha ndani ya shingo robo ya mzunguko, usubiri hadi kesho, uangalie tena. Usilazimishe kikigoma.

Hesabu ya laki tatu na nusu, basi. Kwanza lehemu, kapasita, rezista, utepe na tundu jipya la jeki. Vyote hivi ni vya duka la vipuri vya redio. Kisha waya mbili nzuri, moja ikiwa ya akiba, seti tatu za nyuzi na tyuna ya kubana kichwani, ile inayosoma mtikisiko, kwa kuwa ya simu inachanganyikiwa watu wakianza kuongea. Kisha DI. Kinachobaki kiweke, hambaka tutazungumza baada ya masika, kama bado utaitaka.

Kwenye mfuko wako wa harusi, mbali na hivyo, weka bisibisi inayolingana na skurubu zako, spana ya nati ya jeki, kopo dogo la dawa ya viungo, tochi, betri ya volti 9, na mita. Nati ya jeki ikilegea tundu linazunguka, waya za ndani zinajipinda mpaka zinakatika, na sauti inakuwa ya waja leo waondoka leo. Ikaze kabla ya kila shughuli.

Fungua bamba la nyuma kabla ya Jumamosi, pima kutoka kwenye nyuzi hadi kwenye jeki, kisha uniandikie mita imesoma nini.